Sura ya Sita: Tulichapwa na Tukawa Watu

Februari 2009, wilayani Bukoba, walimu 19 wa shule za msingi walichapwa viboko. Aliyeamuru ni Mkuu wa Wilaya, Albert Mnali. Aliyeshika fimbo ni askari polisi. Makosa yao yalitajwa wazi: kuchelewa kazini, kutomaliza mada za mwaka, na shule zao kuburuza mkia katika mtihani wa darasa la saba.

Nchi iliwaka. Chama cha Walimu kilikuja juu, wanaharakati wakapaza sauti, na kwenye vijiwe vya kahawa hapakuwa na habari nyingine. Rais Jakaya Kikwete hakukawia, akamfuta kazi mkuu huyo wa wilaya. Katika makelele yote yale, sikumbuki kumsikia mtu akiuliza kama walimu wale walikuwa wamechelewa kweli. Walichelewa au hawakuchelewa, kila mtu alielewa kwamba mtu mzima hawekwi fimbo na mwajiri wake kama punda wa mizigo. Ni udhalilishaji, na udhalilishaji hauhitaji ufafanuzi.

Hebu rudia kuyasoma makosa yale. Kuchelewa. Kutomaliza kazi. Kufanya vibaya kwenye mtihani. Asubuhi ileile, Bukoba na kwingineko, watoto wa miaka tisa na kumi walikuwa wamepanga mstari wakichapwa kwa makosa hayohayo, tena na watu wa kada ileile iliyokuwa ikililia heshima yake. Hilo halikuandikwa na gazeti lolote. Lingeandikwaje? Habari ni jambo lisilotarajiwa.

Miaka kumi ikapita. Oktoba 2019 Mkuu wa Mkoa wa Mbeya, Albert Chalamila, aliwachapa wanafunzi 14 wa Shule ya Sekondari Kiwanja, wilayani Chunya, kamera zikiwaka. Walituhumiwa kuwa na simu kinyume cha taratibu za shule, na mabweni yalikuwa yameungua. Rais John Magufuli akampongeza hadharani. Albert wa kwanza alipoteza kazi, Albert wa pili alipata pongezi, na tofauti ya kesi zao ilikuwa moja tu: umri wa waliolala chini.

Sura hii inahusu fimbo ya shuleni. Nimeichagua kwa sababu, kati ya mambo yote tuliyoyazoea yasiyofaa kuzoeleka, hili ndilo ninalolisikia likitetewa kwa moyo mkunjufu kabisa, na watu wema, wacha Mungu, wanaowapenda watoto wao.

Tuanze na sheria, maana wengi tunadhani sheria inaruhusu zaidi ya inavyoruhusu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimpa waziri mamlaka ya kutunga kanuni za adhabu ya viboko. Kanuni za kwanza, za mwaka 1979, ziliweka kikomo cha viboko sita. Za sasa, za mwaka 2002, zikateremka hadi vinne. Achape mkuu wa shule mwenyewe, au mwalimu ambaye mkuu amempa idhini kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina. Fimbo iwe nyepesi na inayopindika, ipige kiganja au makalio yaliyositiriwa na nguo. Kosa lenyewe liwe zito, na kabla ya kuchapa utazamwe umri wa mtoto na afya yake. Kisha kila adhabu iandikwe katika kitabu maalumu: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko, jina la aliyechapa. Mkuu wa shule atie sahihi.

Nimewahi kuwasomea watu kanuni hizi, walimu wakiwemo. Wanasikiliza vizuri mpaka nifike kwenye kitabu. Hapo wanacheka.

Wana haki ya kucheka. Simama saa moja na nusu asubuhi nje ya uzio wa shule ya msingi yenye wanafunzi elfu mbili. Geti limefungwa, wachelewaji wako nje kama sitini, mabegi mgongoni, wengine na dumu la maji, wengine na fagio la chelewa. Mwalimu wa zamu anafungua upande mmoja wa geti, na wanapita mmojammoja. Kila anayepita ananyoosha mkono. Wenye uzoefu wanasugua viganja kwanza. Mmoja amevaa kaptura mbili, na kiranja anajua, lakini hasemi kwa sababu kesho zamu itakuwa yake. Shughuli nzima inakwisha kabla ya kuhesabiwa namba. Katika kundi lile yupo aliyekuwa akimpeleka mdogo wake kwa bibi kwa vile mama aliondoka alfajiri kwenda sokoni, na yupo aliyekataliwa na makonda watatu, maana mwanafunzi analipa nauli pungufu na daladala ya asubuhi inamwona ni hasara. Hawaulizwi. Mwalimu mmoja na watoto sitini, kuuliza ataanzia wapi?

Kinachoandikwa shuleni ni kitu kingine. Mwalimu akitoka, kiranja anachana karatasi katikati ya daftari na kuandika juu yake “Wapiga kelele”. Majina yanafuata, na mbele ya jina la mkaidi panaongezwa x2, x3, mpaka x5. Mwalimu akirudi anasoma, kila x na fimbo yake, halafu karatasi inatupwa. Watoto wetu basi wanatunza kumbukumbu za adhabu kwa uaminifu kuliko ofisi ya mkuu. Kanuni inazungumzia kosa zito linaloiaibisha shule, wakati orodha halisi ya makosa ni kelele, kucha ndefu, ufagio uliosahaulika nyumbani, hesabu tatu zilizokoswa kati ya kumi, na katika shule za mchepuo wa Kiingereza, kosa la kuongea Kiswahili na mwenzio wakati wa mapumziko.

Utetezi mkubwa wa fimbo ni sentensi moja, na kila msomaji ameshaisikia: sisi tulichapwa na tukawa watu. Anayeisema huwa ni mbunge, meneja wa benki, mhadhiri, au mjomba anayesimama kwenye sherehe ya kumpongeza mhitimu. Kwenye makundi ya WhatsApp ya waliosoma pamoja, ukitaka yachangamke Jumapili jioni, andika jina la utani la mwalimu wa nidhamu. Ujumbe utamiminika mpaka saa sita usiku. Kila mmoja ana yake: aliyejaza madaftari ndani ya suruali yakadondoka, aliyetumwa akate fimbo akarudi na kijiti akaongezewa mbili, aliyekimbilia chooni akatolewa. Mwalimu wetu mmoja aliipa fimbo yake jina la Daktari, na leo mtu mzima wa miaka hamsini akiandika “Daktari yupo kazini” tunacheka mpaka machozi.

Sina ugomvi na kicheko chenyewe. Maumivu ya utotoni lazima uyaweke mahali, na kicheko ni mahali pazuri. Ila kicheko hicho kina kazi ya pili: kinafunga mjadala. Huwezi kulalamikia jambo ambalo wenzako wote wanalikumbuka kama uhondo. Tena angalia nani hayumo kwenye kundi lile. Hayumo yule aliyeacha shule darasa la tano kwa kuogopa hesabu na mwalimu wake. Hayumo msichana aliyekuwa akishindwa kukaa kitini wiki nzima, akaacha kuja, wazazi wakasema kaolewa. Waliobaki ndio wanaotoa ushahidi, wanatoa kwa dhati, na hawajui kwamba baraza la mashahidi limechujwa. Mtu aliyevuka mto wenye mamba akafika ng’ambo hana sababu ya kuwasifu mamba.

Mambo haya yana historia, na historia hiyo haitupi sifa. Tunasema mara nyingi kwamba fimbo ni mila yetu. Methali tunazo, ni kweli: mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, samaki mkunje angali mbichi. Lakini fimbo ya ofisini, ya kupanga mstari, ya idadi na amri, tuliifahamu chini ya Wajerumani. Hamsa ishirini, viboko 25 vya ngozi ya kiboko, ndiyo iliyokuwa kikomo cha kisheria kwa adhabu moja tangu amri ya mwaka 1896, na amri hiyohiyo ilisema wazi nani hachapwi: Waarabu na Wahindi hawachapwi, wala wanawake. Mwafrika mwanamume ndiye aliyebaki. Waingereza wakaja na sheria yao ya viboko mwaka 1930. Uhuru ulipopatikana tulikuwa na nafasi ya kuitupa baharini. Badala yake, mwaka 1963 Bunge la Tanganyika lilipitisha Sheria ya Adhabu za Chini, iliyompa mla rushwa na mwizi wa mali ya umma kifungo na viboko 24: kumi na viwili siku ya kuingia gerezani, kumi na viwili siku ya kutoka. Mwalimu Nyerere aliikumbusha sheria hiyo katika hotuba yake ya Mei Mosi mwaka 1995 mjini Mbeya, akaeleza kwamba vile vya kutokea ni ili mtu akamwonyeshe mkewe. Uwanja ukacheka. Hata leo ukiitaja sehemu hiyo mbele ya watu, wanaimalizia wenyewe kwa furaha.

Ninachokiona katika safari hiyo ndefu ni kwamba kila aliyepata sauti alitoka kwenye mstari wa wanaochapwa. Wafanyakazi walitoka, wakajiunga na vyama. Walimu wa Bukoba walithibitisha mwaka 2009 kwamba wao pia wametoka. Aliyebaki ni mtoto, ambaye hana chama, hapigi kura, na akilalamika nyumbani anaulizwa alifanya nini mpaka mwalimu akamchapa.

Kwa hiyo tunashtuka mara mojamoja tu, na hata tukishtuka tunashtukia kitu kingine. Oktoba 2016 ilisambaa video ya walimu wanafunzi waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika sekondari moja jijini Mbeya, wakimshambulia kijana ofisini kwa ngumi, makofi, mateke na fimbo. Serikali ilichukua hatua mara moja, na wahusika wakafukuzwa vyuoni. Nakumbuka mazungumzo ya siku zile kwenye daladala. Watu walikasirika kweli, na karibu wote walimalizia hivi: kama ni kuchapa, wangemchapa tu, mateke ya nini? Mpaka ukawekwa hapo, kwenye mateke. Fimbo ikatoka kwenye kashfa ile ikiwa safi kuliko ilivyoingia.

Agosti 2018, mjini Bukoba, mwanafunzi wa darasa la tano alifariki dunia baada ya kupigwa shuleni akituhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ilimtia mwalimu mmoja hatiani kwa mauaji. Taifa liliomboleza, viongozi wakakemea, na wiki iliyofuata mageti yakafunguliwa saa moja na nusu kama kawaida. Tulilitafsiri tukio lile kuwa la mtu mmoja katili. Kwamba yule mtu mmoja alifanya kwa ukali zaidi jambo lilelile linalofanyika kila siku kwa ukali kidogo, hilo hatukulitazama.

Takwimu zipo kwa anayezitaka. Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto mwaka 2009, matokeo yakatolewa 2011. Karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa, wasichana kwa wavulana, walisema walipata ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18. Takriban nusu walimtaja mwalimu. Kwa jambo linalogusa nusu ya watoto wa nchi, ungetarajia mjadala usiokwisha. Ripoti ilizinduliwa, hotuba zikatolewa, na mwaka huohuo fimbo zikaendelea kukatwa kwenye mipera nyuma ya madarasa.

Sasa upande wa mwalimu, maana ni rahisi mno kumgeuza jini wa hadithi. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, na watoto walifurika. Sera inasema darasa la wanafunzi 45. Anayefundisha shule ya serikali Kanda ya Ziwa au pembezoni mwa Dar es Salaam atakuchekea ukilitaja hilo, maana mbele yake wapo mia na zaidi, wanne kwenye dawati la watu watatu, wa mwisho wamekaa sakafuni. Mshahara wake unajulikana. Nyumba ya mwalimu imevuja toka masika iliyopita. Chuoni alisoma saikolojia ya mtoto, akafaulu, kisha akapelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha, na siku ya kwanza mwalimu mwenyeji alimkabidhi vitu viwili: boksi la chaki na fimbo. Aliyoyasoma yakabaki kwenye madaftari ya chuo. Akijaribu kuingia darasani mikono mitupu, wanafunzi wenyewe, waliozoea fimbo, wanamwona mpole, wanampigia kelele wiki nzima, na wenzake ofisini wanamwambia anawaharibia watoto. Fimbo kwake ni kifaa cha kusimamia umati. Inafanya kazi kwa dakika kumi, na katika kipindi cha dakika arobaini dakika kumi si haba.

Ndiyo maana siamini kwamba marufuku peke yake inatosha. Kenya ilifuta viboko shuleni mwaka 2001, na katiba ya 2010 ikaongeza uzito, lakini mtoto wa Kenya anaweza kukuonyesha alama za wiki iliyopita. Shule zilipochomwa moto Januari 2021, waziri wa elimu mwenyewe, George Magoha, alipendekeza kiboko kirudishwe, kana kwamba kilikuwa kimeondoka.

Kinachonipa moyo kimetoka Uganda. Katika wilaya ya Luwero, watafiti walichukua shule za msingi 42 na kuzigawa kwa bahati nasibu. Nusu zilipewa mwongozo ulioandaliwa na shirika la Raising Voices la Kampala, ambao unamtaka kila mtu shuleni, kuanzia mkuu mpaka mpishi, kushiriki: wanafunzi wanatunga kanuni za darasa pamoja na mwalimu, wanaketi kwenye mabaraza ya kuamua makosa madogo, wanaweka sanduku la maoni. Baada ya takriban mwaka mmoja na nusu, waliulizwa kama mfanyakazi wa shule amewapiga wiki iliyopita. Katika shule za kawaida asilimia 48.7 walisema ndiyo. Katika shule zenye mwongozo, asilimia 31. Si muujiza. Bado ni mtoto mmoja kati ya watatu, kwa wiki moja. Lakini hakuna darasa lililojengwa, hakuna mshahara ulioongezwa, na matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015 kwa yeyote anayetaka kuyasoma.

Hapa kwetu Mabula Nkuba, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, alishirikiana na watafiti wa Ujerumani kujaribu kitu kifupi zaidi katika sekondari za umma: mafunzo ya siku tano na nusu kwa walimu. Walipokwenda kupima miezi kadhaa baadaye, kipigo kilikuwa kimepungua. Katika mafunzo yale walimu hufundishwa njia nyingine za kulishika darasa, jambo ambalo ungelitarajia. Ambalo sikulitarajia ni kwamba wanakaa chini na kukumbuka jinsi wao wenyewe walivyochapwa, safari hii bila kicheko. Nadhani ufunguo upo hapo. Mtu anayelisimulia tukio lake kama uchekeshaji hawezi kuona kwa nini asilirudie kwa mwingine.

Wazazi ndio wagumu zaidi. Mwalimu anaweza kuagizwa na mwajiri wake, mzazi haagizwi na mtu. Nenda kwenye kikao cha wazazi cha shule yoyote, subiri ajenda ya taaluma, na hutakaa sana kabla baba mmoja hajasimama, akakohoa, akasema: mwalimu, huyu wa kwangu mimi nimekukabidhi, akileta ujinga mchape, usiogope. Makofi. Mwalimu mkuu anatabasamu, maana hiyo ndiyo idhini pekee anayoitambua, ingawa kanuni haimtambui baba huyo.

Katika kikao kimoja cha namna hiyo niliinua mkono nikauliza kama wazazi tunaweza kukiona kitabu cha adhabu. Ukimya ulikuwa mfupi. Mama mmoja nyuma yangu akauliza kwa sauti ya chini, “Kitabu gani tena, cha michango?” Mwalimu mkuu, mtu mstaarabu, hakukasirika. Alisema kitabu kipo, kimefungiwa kabatini, ila ufunguo ameondoka nao mwalimu aliyehamia Kibaha, na wamekwishamwandikia. Mwenyekiti akamshukuru mwalimu kwa ufafanuzi, akatazama saa, akatangaza ajenda inayofuata: mchango wa uji, shilingi elfu mbili kwa kila mtoto kwa mwezi. Hapo ndipo wazazi walipoanza kubishana kweli.